Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Lushoto: Vijia Vipimwe Kabla Havijalimwa

KWA: Waheshimiwa Madiwani, Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga

YAH: NJIA ZA MIGUU ZA USAMBARA MAGHARIBI

Waheshimiwa,

Anayetoka Lushoto mjini kwenda Irente kwa miguu hupita nyuma ya nyumba za watu, akakata mashamba ya mahindi na maharage, akasalimia kila baada ya hatua ishirini, na mara ardhi inamwishia. Mbele yake kumebaki hewa tupu. Chini, karibu mita 1,000, barabara ya kwenda Arusha ni uzi, malori ni chawa wanaotembea juu ya uzi, na mkonge wa Mazinde umejipanga mistari kama nywele zilizosukwa. Hapo Mazinde ndipo Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, alipoweka makao yake karne ya 19. Ndugu zake walikuwa wakiitazama Vugha, makao ya mfalme. Yeye alitazama njia ya misafara. Alijua faida ya kukaa njiani.

Mwandishi wa barua hii amekaa juu ya mwamba wa Irente mara kadhaa, na kama ni kusifia mandhari angekwisha kusifia. Linalomsukuma kuandika ni dogo zaidi: kijia alichokikanyaga hadi kufika pale.

Kuna kipande kimoja, hakizidi hatua mia, kinachoteremka kati ya migomba na shamba la maharage. Mwandishi alipokipita mara ya kwanza, watu wawili walipishana pale bila kugusana. Safari ya karibuni alikutana na bibi mwenye kikapu cha mapeasi kichwani. Ilibidi bibi asimame, ageuke ubavu, ashike mgomba kwa mkono mmoja na kikapu kwa mwingine, ndipo mgeni apite huku akiomba radhi. Mwandishi aliinama kuangalia. Hakuna aliyekifunga kijia wala aliyekiuza. Jembe lilikuwa limeongeza mstari mmoja wa maharage kila msimu, basi. Upande wa chini udongo mwekundu ulikuwa umemeguka, na mizizi ya mgomba ilikuwa nje kama vidole vya mtu aliyelala.

“Njia ilikuwa huku,” bibi alisema, akionyesha kwa kidevu mahali ambapo sasa kuna maharage yaliyochanua. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza nyumba ya jirani aliyehama.

Waheshimiwa wanazijua njia hizi kuliko mwandishi, maana wengi wao wamezipita wakienda shule. Ni zilezile zinazopelekea mama mjamzito zahanati, kabichi gulioni na jeneza makaburini. Mtalii anayeshuka Mombo na kupanda Lushoto kupitia Soni, akiwa na fimbo mbili za kutembelea na viatu vya bei ya ng'ombe, haji kutembea katika njia ya watalii. Njia ya watalii haipo Usambara. Anaazima njia ya bibi wa mapeasi, naye bibi hajawahi kuulizwa kama anaazimisha.

Nchi ya Usambara yenyewe iliundwa na mtembea kwa miguu. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, anasimulia jinsi Mbegha alivyotoka Ngulu akiwa mwindaji wa nguruwe, amekimbizwa na nduguze kwa sababu ya ukigego (aliota meno ya juu kwanza, dalili ya mkosi), akapita vilima kwa vilima akigawa nyama mpaka Washambaa wakamfanya mtawala wao. Ukweli wa kila tukio waachiwe wanahistoria. Lakini msomaji wa masimulizi yale haoni farasi wala gari: anaona mtu, mbwa wake, na vijia.

Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf naye alitembea kutoka pwani hadi kwa Kimweri, Vugha. Miezi michache kabla, tarehe 11 Mei, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro, na wasomi fulani wa London waliokaa vitini mwao wakamwambia hakuna theluji karibu na ikweta. Ilichukua miaka kuwanyamazisha. Inampendeza mwandishi kukumbuka kisa hicho kila anapofika Mtae, ukingo wa kaskazini wa Usambara, kwa sababu Mtae ni mahali ambapo mtu anaweza kumwonea huruma Rebmann.

Asubuhi ya kwanza pale, saa kumi na mbili kasoro, ilikuwa pamba tupu. Ukungu ulijaza bonde lote la Mkomazi hadi miguuni. Asubuhi ya pili vivyo hivyo, pamoja na manyunyu. Mtoto aliyekuwa akipeleka mbuzi malishoni aliangalia watu wazima waliosimama wakitazama weupe, akacheka wazi, akaenda zake. Asubuhi ya tatu ukungu ulishuka kama maziwa yanayotulia sufuriani baada ya kuepuliwa: kwanza mgongo wa Upare, kisha kulia kabisa vilima vya Taita upande wa Kenya, kisha, nyuma ya Upare, juu kuliko mahali ambapo jicho lilikuwa likitafuta, bati jeupe linaloning'inia bila kuta. Mita 5,895 za mlima, zaidi ya kilomita 150 kwa mstari wa jicho. Baada ya dakika ishirini hivi ukafutika. Aliyekuwa anafunga kamba za viatu hakuuona.

Kufika Mtae kwa gari kutoka Lushoto ni kama kilomita 60 za vumbi au tope, kutegemea mwezi. Kwa miguu watu hutumia siku tatu au nne, wakipitia Magamba, Lukozi, Rangwi na Sunga, na usiku wa Rangwi wengi hulala kwa masista. Ukianza, njia inaingia Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, wenye zaidi ya hekta 9,000, chini ya mikulo mikubwa ambayo watu wanne hawaizungushii mikono. Mbega weupe kwa weusi wanaruka juu. Kwenye vichaka, mwenye macho ya subira anaweza kumwona kinyonga dume wa pembe tatu, ambaye makao yake ni milima hii, akipiga hatua kana kwamba anasahau alikokuwa anakwenda. Humo msituni njia ina mwenyewe: Wakala wa Huduma za Misitu upo, kuna geti, kuna kumbukumbu.

Mtu akitoka tu msituni upande wa pili, njia haina mwenyewe tena. Barabara ya gari ina wakala wake, TARURA, tangu mwaka 2017. Mto una bonde lake, msitu una mpaka wake, shule ina hati yake. Kijia cha miguu kinachobeba watu wengi kuliko vyote hivyo hakimo katika daftari lolote, ila katika kumbukumbu za wazee na nyayo za watoto.

Zamani hilo halikuwa tatizo. Desturi ilitosha: aliyeziba njia aliitwa, akasemwa, akafungua. Sasa kuna kitu kipya, nacho ni kizuri, ndiyo maana hatari yake haionekani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, wanakijiji wanapimiwa mashamba na kupewa hatimiliki za kimila. Mwandishi anaunga mkono. Mjane mwenye hati hafukuzwi kirahisi na mashemeji. Lakini watazamwe wapimaji wakiwa kazini. Wanasimama na kipimio kwenye pembe ya shamba la mzee fulani, kisha pembe ya shamba la jirani yake, na mstari unachorwa kati ya hao wawili. Kijia kilichokuwa mpakani, chenye upana wa hatua moja, kinamezwa na mstari. Kwenye karatasi, mashamba yamegusana. Mwenye hati akipanda mkaratusi katikati ya njia miaka mitano baadaye, ana muhuri mkononi, na bibi wa mapeasi ana kidevu tu cha kuonyeshea.

Hapo ndipo ombi la barua hii lilipo. Halmashauri inaombwa ielekeze kwamba hakuna kijiji kitakachokamilisha mpango wake wa matumizi ya ardhi kabla ya kuandika njia zake za miguu: kila moja inaanzia wapi, inapita kwa nani, inaishia wapi, upana wake hatua ngapi. Kila njia iandikwe kuwa ardhi ya jumuiya, nje ya hati ya mtu binafsi. Sheria haizuii. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo wa 1999 inatambua haki ya njia ya umma, na sheria ya vijiji inakitaka kila kijiji kitenge ardhi ya matumizi ya wote. Kijiji kikipitisha sheria ndogo katika mkutano mkuu, karatasi inakuja kwa Waheshimiwa hawahawa ili waiidhinishe. Kinachokosekana ni mtu wa kusema “na njia je?” wakati ramani ikiwa bado penseli.

Wengine wamewahi kufanya hivyo. Uingereza, sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri za kaunti kuchora ramani ya njia zote za miguu, na kazi ya kuzitembea na kuziandika ikafanywa kwa sehemu kubwa na mabaraza ya vijiji, na watu waliokuwa wakizijua kwa sababu walizipita kwenda kanisani na baa. Njia zilizosahauliwa siku zile zimezaa ubishi hadi leo. Rwanda wao walianza na mgeni: waliunganisha vijia vya ukingo wa Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227, wakaipa njia hiyo jina na alama, na watembeaji na waendesha baiskeli wakaja. Mwandishi anawapongeza, lakini kwa Lushoto angependa mpangilio uwe kinyume. Alama za kupaka rangi kwenye mawe zije mwisho. Rangi haimzuii mtu kulima.

Kuna sababu ya kusisitiza kwamba jambo hili litoke vijijini. Milima hii ina kumbukumbu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo wa Mlalo, na miaka ya 1950 ukapanuliwa Usambara nzima: kila mtu alime matuta, atake asitake. Kitaalamu matuta yana maana yake. Lakini jembe la ziada lilikuwa la wanawake, na watu waliona mkono wa serikali ukinyooshwa kuelekea ardhi yao. Waligoma, walilaani, walishitakiwa, na mwishowe mpango ukaachwa. Miaka ya 1980 ulipokuja mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP na mistari ya majani ya guatemala kwenye makontua, ng'ombe walipata cha kula na udongo ukashikwa, basi mistari mingine ipo mpaka leo. Kishambaa kina maneno mawili ambayo mwanahistoria Steven Feierman aliyafanya yajulikane mbali: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Wazee waliyatumia kwa mtawala aliyeleta mvua au njaa. Mwandishi haoni kwa nini yasitumike kwa mpima ardhi.

Ubishi wa kwanza utakaoletwa unajulikana: mkulima mwenye robo eka hawezi kupunguziwa hata kiganja. Hoja hii ni nzito na haifai kupitwa kwa hotuba. Usambara watu ni wengi na mashamba ni vipande, mengine yamesimama wima kiasi kwamba mlimaji anaweza kuanguka kutoka shambani kwake. Ndiyo maana upana usiamuliwe ofisini. Mahali pengine hatua moja inatosha, mahali pengine njia inaweza kuhamishwa ipite ukingoni mwa shamba badala ya kulikata katikati, kwa makubaliano ya waliopo. Na mkulima anayeachia kipande awe wa kwanza kufaidi fedha za wageni, jambo linaloleta habari ya pili.

Utalii wa kitamaduni si mgeni Lushoto. Ulianza miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, na vijana wengi wamelea familia kwa kazi ya kuongoza wageni. Lakini mwandishi, katika kijiji kimoja ambacho jina lake halina haja, alilipishwa mara tatu katika mwendo wa saa mbili. Wa kwanza alikuwa na daftari la mistari na kalamu isiyoandika. Wa pili alikuwa na risiti za mechi ya mpira iliyokwisha kuchezwa. Wa tatu hakuwa na kitu, alikuwa na sauti. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo, na mwandishi alilipa zote, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na hoja za mwenye sauti zilikuwa hazijaanza kupungua. Kilichomkera ni kwamba umbali wa mita hamsini kutoka kwa mlipishaji wa pili kulikuwa na gogo la kuvukia kijito, limeoza katikati, na watoto wa shule walikuwa wakilivuka kwa kukimbia ili lisiwe na muda wa kuvunjika.

Malipo yawe mamoja, kwa namba ya malipo ya serikali, yafanyike Lushoto au kwa simu, na risiti moja itambulike hadi Mtae. Soni na maeneo jirani yako chini ya Halmashauri ya Bumbuli tangu Halmashauri ya Lushoto igawanywe mwaka 2013, kwa hiyo itabidi ndugu hawa wawili wakae meza moja. Mgao wa kijiji ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji, pale pale yanapobandikwa majina ya wanaodaiwa michango. Watu watausoma. Wanayasoma hayo mengine.

Nazo fedha zifanye nini? Zisinunue lami, wala zege la ngazi. Mwandishi ameona kijia kilichopanuliwa kwa greda ili bodaboda zipite; masika moja baadaye kilikuwa korongo la kumficha mtu hadi kiunoni, na bodaboda zilikuwa zinapita shambani. Adui wa njia ya mlimani ni maji yanayokimbia katikati yake. Dawa wanaijua wenyeji: mawe yaliyolazwa kwa kukingama kila baada ya hatua chache ili maji yatoke pembeni, mfereji mdogo upande wa juu, guatemala upande wa chini. Ni kazi ya jembe, sururu na siku moja ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kabla ya mvua. Siku hizi msaragambo unadorora kwa sababu kijana anauliza, na ana haki, kwa nini afukie njia bure wakati mtu mwingine anaitoza. Mgao ule ukinunua chakula cha siku hiyo na gogo jipya la kijitoni, swali lake litakuwa limejibiwa bila mkutano.

Kwa majaribio, inatosha kuanza na mkondo mmoja: Lukozi, Rangwi, Sunga, Mtae. Kazi ifanyike mwezi wa saba na wa nane, mavuno ya masika yakiwa yametoka na mipaka inaonekana. Kila kijiji kitoe watu watano wa kuitembea njia: mzee mmoja aliyeijua kabla haijabanwa, mwanamke anayebeba mzigo gulioni, mwanafunzi, mkulima ambaye njia inapita kwake, na mtendaji wa kijiji mwenye kalamu inayoandika. Wapite na kamba yenye mafundo, wasimame kila penye ugomvi, waandike majina ya pande zote mbili. Mpimaji wa Halmashauri aje nyuma yao, asitangulie.

Na wakifika kwenye kipande chochote ambapo anayebeba mzigo kichwani hawezi kupishana na anayekuja bila kushika mgomba, hapo waweke fundo.

Wasalaam,

Mtembeaji wa Usambara

Nakala: Wenyeviti wa vijiji vya njiani kutoka Lukozi hadi Mtae
Wakala wa Huduma za Misitu, Magamba
Bibi wa mapeasi, njia ya Irente, kwa kusomewa